Tela, Mayai ya Mama na Umeme wa Aina Mbili

Tangu nirudi Maganzo, kila jioni ya mazoezi kuna mwanakwaya ananivuta pembeni: "Mama Kulwa, hebu sema, mayai yalifika?" Nimeanza kusimulia mara nne, na mara zote nne mwalimu wa kwaya amegonga meza. Basi nimeamua kuandika, mtasoma kwa zamu. Nitasema yote, hata nilipoharibu, maana kuna mtu humu mnamjua vizuri na nilimkosea.

Kwa wale ambao hamkuwepo, mambo yalianza hivi. Mama yangu anaishi kijijini nje kidogo ya Ushirombo. Siku aliyoolewa, bibi alimpa kuku mmoja na vifaranga vyake, na kutoka kwa kuku huyo mama amefuga mbegu ileile mpaka leo. Tumesomeshwa na kuku hao, tumeuguzwa kwa supu yao, na wageni wa harusi zetu wamewala. Mwaka huu alinitumia trei ya mayai thelathini. Tukakaanga sita na kula kwa chapati bila wasiwasi wowote. Siku ya tatu akanipigia simu: "Kideri kimepita, mwanangu. Kuku wote wamekufa. Hata jogoo." Kisha akanyamaza. Mama yangu, ambaye huongea hata katikati ya rozari, akanyamaza kabisa.

Nilisimama jikoni nikiyatazama mayai ishirini na manne yaliyobaki. Siku hiyohiyo niliyaweka kwenye mashine ya kutotolesha, lile sanduku langu la mbao lenye balbu nne na kipimajoto. Ukoo mzima wa kuku wa mama ulikuwa mle.

Mngeniuliza, kwa nini sikusubiri yatotoe hapahapa ndipo nisafiri? Nilikuwa na tela. Mmeliona: nyumba ya bati linalong'aa, magurudumu mawili, kitanda, meza, soketi ukutani. Watafiti wa madini walikuwa wakilala humo porini. Nililipataje na kwa karatasi zipi, hayo si ya leo. Nilitaka likakae kwa mama liwe chumba changu nikienda kumsalimia, na mwenye uwanja nilipoliegesha alitaka nafasi yake wiki hiyo. Pikapu ya shemeji yangu Mabula, mume wa mdogo wangu, nayo ilipatikana wiki hiyo tu. Mayai yalikuwa na siku kumi na sita, bado tano. Nikajiambia: tela ni nyumba, nyumba ina umeme, kuna shida gani?

Maganzo hadi Shinyanga mjini

Mabula ni dereva wa miaka mingi na anajua gari kuliko anavyojua watoto wake. Aliunganisha waya za tela na pikapu kwa kufuata rangi, ya kijani kwa ya kijani, ya njano kwa ya njano. Mkia wa tela, ule waya mweusi wa umeme, ukaingia kwenye tundu nyuma ya gari, ukakaa sawasawa. Nikaingia ndani, nikabonyeza swichi, taa ya darini ikawaka.

"Umeme upo, shem!" nikapiga kelele.

"Si nilikwambia? Mimi siyo mwalimu kama wewe, mimi nafanya kazi."

Nikaifunga mashine kwa kamba juu ya godoro, nikachomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani, nikafunga mlango, tukaondoka. Nilikaa mbele nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Njia nzima malori yalitupigia honi. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akatutukana kwa Kisukuma kilichonyooka, hata Mabula akaona haya. Tulipofika mjini ndipo tukajua sababu. Mabula akiwasha indiketa ya kushoto, tela lilikuwa linawasha ya kulia. Waliolitengeneza tela hawakutumia rangi tunazotumia sisi.

Hilo lilinichekesha mpaka nilipofungua mlango wa tela kuchukua maji ya kunywa. Taa ya darini ilikuwa inawaka, lakini balbu za mashine zilikuwa zimezima zote nne. Nilitia mkono ndani, mayai yakawa ya vuguvugu kama chai iliyosahaulika.

Sikumbuki niliyomwambia Mabula. Yeye anakumbuka, na ameahidi kuyasema siku ya kipaimara cha mwanawe.

Tulimpata fundi wa umeme wa magari karibu na stendi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kutoa kichwa chini ya tela. Alipotoka alijipangusa mikono, akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasiofanya kazi ya nyumbani.

"Mama, tela hili lina matumbo mawili," alisema. "Tumbo la kwanza linakula umeme wa gari, umeme wa betri, volti kumi na mbili. Hilo linawasha indiketa, taa za breki na hiyo taa ya darini. Tumbo la pili linakula umeme wa nyumbani, huu wa nguzo. Hilo ndilo lenye soketi za ukutani. Linalishwa kwa tundu lile la ubavuni, unavuta waya kutoka kwenye nyumba. Matumbo haya hayajuani. Ukilisha moja, jingine lina njaa."

"Kwa hiyo tukiwa barabarani soketi zimekufa?"

"Zimekufa kabisa. Hukuuliza mtu?"

Sikuwa nimeuliza mtu. Yule mzee alirekebisha indiketa, kisha akafunga inveta, kisanduku kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nyumbani. Akaivutia waya mnene kutoka betri ya tela, na betri ya tela ikawa inajazwa na gari kupitia ule mkia, injini ikiwa inanguruma. Balbu zikawaka. Nilitamani kumkumbatia.

"Ila mkilala mahali," akamwonya Mabula, "chomoa mkia. La sivyo mashine itanyonya betri ya tela, ikimaliza inanyonya ya gari, na asubuhi mtasukuma. Usiku tumieni umeme wa nyumbani."

Shinyanga hadi Kagongwa

Tulikwenda polepole kwa ajili ya mayai. Tulipofika Tinde tulisimama tukala viazi vitamu na maziwa mgando, na kila mara nilikwenda kuangalia kipimajoto. Mama muuza viazi aliniuliza kama nina mgonjwa humo ndani. Nikamwambia wapo ishirini na wanne. Akapiga ishara ya msalaba, akaniongezea kiazi.

Kagongwa tulipokelewa na Mama Shija. Mnamkumbuka, aliimba nasi sauti ya pili kabla hajahamia huko na mumewe fundi wa kuchomelea. Alitukimbilia hadi barabarani. "Mwangaluka, mayu!" alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hali ilikuwa jioni, akacheka mwenyewe kwa kukosea. Mumewe alikuwa kikazi Isaka. Mama Shija hakutaka kusikia habari ya gesti.

Mabula alivuta ekstensheni kutoka sebuleni hadi tundu la ubavuni. Plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na soketi ya Mama Shija, kama soketi zetu zote, ina matundu matatu. Nanyi mnajua tunavyofanya. Mabula akachukua kalamu, akaisukuma kwenye tundu la juu, plagi ikaingia. Balbu zikawaka, tukashangilia. Mabula akavua viatu vilivyojaa vumbi, akashika kitasa cha mlango wa tela, akaruka kinyumenyume mpaka kwenye maua ya Mama Shija.

"Shem, nyumba yako inang'ata!"

Mama Shija hakucheka. Aliingia stoo akatoka na waya mnene wa mumewe wenye nyuzi tatu na plagi ya miguu mitatu. "Mume wangu kila siku anasema uzi wa tatu ndio wa kwenda ardhini," alisema. "Umeme ukipotea njia unashuka huko, haukai kwenye bati ukimsubiri mtu." Tukaunyoosha wote uwanjani, maana waya uliokunjwa ukipitisha umeme unapata joto. Mabula akaligusa tela kwa mgongo wa kidole, tela likawa pole. Mama Shija akayatazama mayai kwa muda mrefu. Nilimweleza habari ya mama. Alitikisa kichwa, akasema, "Haya ni mayai ya watu, tutayalinda." Nililala ndani ya tela kando ya mashine, nikiwa na amani.

Mvua ya Kagongwa

Kulipokucha Mabula aliona gurudumu moja la tela halina upepo wa kutosha. Tukalifungua tukalipakia kwenye pikapu, tukaliacha tela limeegemea mawe. Hatukutaka kumwamsha Mama Shija. Nikafunga mlango wa tela kwa ufunguo, mayai yakiwa kwenye umeme wa nyumbani, tukaenda kwa fundi wa matairi.

Mvua ilitukuta hukohuko, na ile haikuwa mvua ya kuchezea. Radi zilipasua mbingu, barabara ikawa mto, nasi tukajibanza kibandani tukinywa chai ya tangawizi. Sikuwa na hofu yoyote. Tulirudi jua likiwa limeshapanda.

Nilipofungua mlango, mashine ilikuwa giza. Kioo changu kidogo cha kujitazamia, kinachoonekana kutoka nje kupitia dirisha, kilikuwa kimezibwa: mtu alikuwa ametundika kanga juu ya dirisha lote. Plagi ilikuwa imechomolewa, waya umekunjwa barazani. Nikashika yai la kwanza, la pili, la tatu. Yalikuwa baridi.

Mama Shija alitoka jikoni, gauni lake bado limelowa mgongoni. "Mama Kulwa, nilikuwa nimedhani..."

Sikumpa nafasi. Nilimwambia, na nayaandika hapa ili yaniume vizuri: "Mwanamke mzima, bado unafunika vioo kwa kuogopa radi? Umeua kuku wa mama yangu kwa ushirikina!" Alisimama pale na mwiko mkononi. Alisema aliogopa kuurudisha waya ukiwa umelowa. Akasema chakula kipo tayari, amechinja jogoo, tule kwanza. Nikamwambia sina njaa.

Mabula alinitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo. Alifunga gurudumu, akachomeka mkia, akawasha injini, inveta ikaamka. Akaenda kumuaga Mama Shija kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshakaa garini. Chakula tulikiacha mezani, kimefunikwa kwa kawa. Wasukuma na Wasumbwa wote mnaosoma hapa mnajua maana ya kuchinjiwa jogoo na kuondoka bila kunawa mikono: ni kumtukana mwenyeji.

Kuelekea Masumbwe

Tulipita Kahama. Mbele kidogo ya hapo inveta ikaanza kulia pii, pii, pii. Mabula akaegesha penye karasha, mahali wachimbaji wanaposaga mawe ya dhahabu, mashine zinaunguruma na vumbi jeupe limewapaka watu nyuso.

Fundi wa jenereta yao aliitwa Masanja, mtu wa makamo mwenye tochi ya kichwani hata mchana. Aliuchomoa mkia wa tela, akautazama ndani, akapuliza. Ulikuwa umejaa tope la Kagongwa, na pini moja imeshika kutu. "Gari lako linajaza hewa, siyo betri," akamwambia Mabula. Akaomba msasa, akaanza kusugua. "Wakati nasugua, mashine yenu itumie umeme wangu. Ila ngoja kwanza. Karasha ikiwaka umeme wa jenereta unarukaruka, utaunguza balbu."

Akapiga mluzi. Akawaeleza wenzake kuna mayai ya bibi mmoja wa Ushirombo. Na wachimbaji wale, ambao hawasimamishi karasha hata kwa mvua, wakaizima. Palikuwa kimya mpaka tukasikia ndege. Wakakaa juu ya viroba vya mawe wakitusubiri, mmoja akatuletea mihogo ya kukaanga yenye pilipili.

Masanja aliniuliza kwa nini nina uso wa msiba. Nikamsimulia. Akasitisha msasa.

"Kuna radi, na waya umetoka nyumbani umeingia kwenye nyumba ya bati? Na huyo mama akachomoa?" Akatikisa kichwa. "Mama, sisi hapa wingu likianza tu tunachomoa kila kitu. Radi ikipiga nguzo inafuata waya. Ingepita humo ndani. Mayai yangepikwa, na aliyelala humo angepikwa nayo."

Nikavuta mapazia, ndani ya tela kukawa na giza. Masanja akachukua yai moja, akaliweka mbele ya tochi yake ya kichwani. Likang'aa rangi ya chungwa. Tuliona mishipa myekundu na kivuli kizito. Tulisubiri. Kivuli kikajitikisa.

"Huyu bado anadai maisha," Masanja akatangaza kwa sauti. Nje wachimbaji wakapiga makofi utadhani wameona mshipa wa dhahabu. Nililia pale mbele ya wanaume nisiowajua na sikuona haya.

Ushirombo

Mama alikuwa amesimama njiani kwa muda gani, hakusema. Nilipiga goti nikamwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja kwenye tela. Mabula akashusha waya, akauliza kwa heshima soketi iko wapi. Mama akaonyesha paneli ndogo ya sola juu ya paa, inayowasha taa mbili na kuchaji simu.

"Mlidhani nawasubiri kwa umeme?" alisema. Nyuma ya nyumba, kwenye banda jipya alilolipaka chokaa baada ya kuchoma lile la zamani, kulikuwa na kuku wawili wageni wanaoatamia, wamelalia mayai ya uongo ya mawe. Alikuwa amewaazima kijiji cha pili, ambako kideri hakikufika, siku ileile niliyomwambia tunaondoka.

Aliyatoa mayai kwenye mashine moja moja, akiligusisha kila yai kwenye kope la jicho lake kupima joto. Nikamwambia yalipoa mara mbili. Akasema kuku naye hutoka kwenda kula, na mvua ikimkuta huchelewa. Kisha akataka kusikia safari yote. Nilieleza. Nilipofika Kagongwa nilipunguza sauti, nikataka kuruka niende kwenye karasha.

"Ngoja," mama akasema. "Huyo mama wa Kagongwa mlimwachaje?"

Nikasema tuliondoka kwa haraka. Mabula akakohoa. Mama akaweka yai alilokuwa nalo chini ya kuku, taratibu, akanigeukia. "Mpigie simu. Sasa hivi, nikiwa nasikia."

Mama Shija alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Mmefika? Nimekaa na simu tangu mlipoondoka!" Nikajaribu kuomba radhi. Naye akaanza kueleza kile nilichomkatiza asubuhi. Hakujua kwamba tumetoka. Aliona pikapu haipo akadhani Mabula peke yake ndiye aliyekwenda, na mimi nimelala ndani ya tela. Radi ilipoanza alitoka kwenye mvua akachomoa waya, akafunika dirisha, akagonga mlango, akaniita. Mlango ulikuwa umefungwa, akadhani nimepigwa na radi, sisikii. Aliendelea kugonga mvua ikimnyeshea mpaka jirani alipomwambia ametuona barabarani.

Na mimi ninajua, kama mnavyojua nyote mliokwenda kuzika, kwamba radi ndiyo iliyomchukua mdogo wake.

Nilikaa chini palepale bandani. Mama alinyoosha mkono akachukua simu, akaongea naye muda mrefu kwa sauti ya chini, nusu Kiswahili nusu Kisumbwa, na mwenzake akijibu kwa Kisukuma. Nilisikia "wabeja", yaani asante, mara nyingi.

Siku nne baadaye, asubuhi, vifaranga walianza kugonga. Kufikia mchana walikuwa kumi na watatu. Mayai kumi na moja yalikuwa viza, na mama aliyafukia bila kunilaumu hata kidogo. Alikaa sakafuni miguu ameinyoosha, vifaranga wakimpanda kwenye kanga, akaanza kuongea. Aliongea mpaka jioni, habari za kuku, za marehemu baba, za siku aliyoolewa. Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyoikosa sauti hiyo.

Kabla sijapanda basi la kurudi huku, alimchagua kifaranga mmoja mwenye nguvu, mweusi mwenye doa jeupe shingoni, akamfunga uzi mguuni. "Huyu ni wa Kagongwa," alisema. "Mbegu yetu imepitia mikononi mwake. Akikua utakuja kumchukua umpeleke mwenyewe."

Nikamwambia nitampeleka, na mchele kilo kumi juu yake.

"Mchele wa nini?" mama akasema. "Kwake kuna chakula. Nenda na njaa."